Tunakwenda Tübingen Desemba na mvua haikatiki: tufanye nini?

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Mdogo wangu anasoma Tübingen, Ujerumani, na ametualika tukae kwake siku kumi na mbili kuanzia mwishoni mwa Novemba, shule zikifungwa. Nitakuwa na mama yangu wa miaka 68, ambaye magoti yanamsumbua, na wanangu wawili, wa miaka 11 na 6. Kila ninachosoma kuhusu mji huo ni kuzunguka kwa miguu kwenye vichochoro vya zamani na kupanda mashua mtoni. Lakini mdogo wangu anasema miezi hiyo ni mvua asubuhi hadi usiku. Nina hofu mbili. Kwanza, tutatumia nauli yote hiyo halafu tukae sebuleni tukitazama dirisha. Pili, watoto wakinyeshewa kwenye baridi ile watapata nimonia. Hela yetu si nyingi. Kuna la kufanya, au tusogeze safari hadi Juni? Na mwavuli, nibebe kutoka huku au ninunue huko?"

Mwalimu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Swali lake la magoti ni zito kuliko swali lako la mvua, na nitalirudia.

Nimekuwa nikiwatembeza wageni wanaozungumza Kiswahili katika miji ya kusini mwa Ujerumani kwa miaka mingi, na barua kama yako huja kila Septemba. Nikiisoma naona kwamba unachoogopa hasa ni kuwaangusha wenzako: umemtoa mama kwake, umewapandisha watoto ndege, halafu mji wenyewe uwafungie mlango. Nikuondoe wasiwasi huo. Mji haufungi kwa sababu ya mvua. Unafunga kwa sababu ya Jumatatu, Jumapili, na giza. Hao ndio watatu wa kupangia safari, na karibu kila mgeni niliyemwona akinung'unika pale kwenye daraja la mto Neckar alikuwa amenaswa na mmojawapo wao huku akiilaumu mvua.

Kuhusu kusogeza hadi Juni. Juni ni mwezi mzuri, jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku na mashua zinatembea. Lakini usidhani utaikwepa mvua. Katika sehemu ile ya Ujerumani, miezi ya joto ndiyo inayomwaga maji mengi zaidi kwenye ndoo ya kupimia. Tofauti ni namna inavyonyesha, na ukielewa namna hiyo nusu ya kazi yako imekwisha.

Mvua unayoijua wewe huzaliwa na jua. Ardhi inapata joto, mvuke unapanda kwa kasi, wingu linajijenga kwenda juu kama mnara, na mchana au jioni linamwaga matone makubwa kwa nguvu, kisha linaisha. Ujerumani nayo ina mvua ya namna hiyo, Juni hadi Agosti, pamoja na radi zake. Ya Desemba ni nyingine kabisa. Hewa yenye unyevu kutoka bahari ya Atlantiki inakuja polepole, inakutana na hewa baridi iliyolala chini, na badala ya kupanda wima inateleza juu yake kama blanketi. Wingu linakuwa bapa na pana, mamia ya kilomita, na linachuja manyunyu madogo kwa saa nyingi. Mdogo wako hajakudanganya aliposema asubuhi hadi usiku. Alichosahau kukuambia ni kwamba maji yenyewe ni machache. Mvua ambayo Moshi ingeshuka kwa nusu saa na kujaza mitaro, kule inaweza kugawanywa siku nzima hadi mtu anatembea nayo bila kukimbia.

Halafu kuna mlima. Magharibi ya Tübingen upo Msitu Mweusi, safu ya milima inayozipokea zile hewa za Atlantiki kabla hazijafika mjini. Upande wa magharibi unaloa sana, upande wa mashariki ilipo Tübingen unapata masalio. Mama ataelewa bila maelezo: ni kama Kibosho na Rongai. Kwa mwaka mzima, mashamba ya Kibosho na Marangu yanapata mvua nyingi kuliko Tübingen kwa mbali.

Blanketi hilo likishapita, mara nyingi kesho yake hewa inabadilika. Upepo unaongezeka, mawingu yanakatika vipande, na mvua inakuja kwa vipindi: dakika kumi na tano za kulowa, nusu saa ya anga jeupe, tena kulowa. Kwa hiyo jifunze kuzitofautisha siku hizi mbili. Siku ya blanketi ni ya kukaa mahali pamoja pakubwa kwa muda mrefu. Siku ya vipindi ndiyo ya kuuona mji wa zamani, ukiruka kutoka paa hadi paa. Mdogo wako akuwekee kwenye simu programu ya idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, inaitwa WarnWetter. Ukiangalia ramani ya mvua asubuhi utaona kama ni rangi moja iliyotanda au ni madoa yenye nafasi katikati. Hata mtoto wa miaka 11 ataisoma, na nakushauri umpe kazi hiyo rasmi. Kila asubuhi yeye ndiye atangaze hali ya hewa.

Sasa wale maadui watatu. Mwanzoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na siku ya mawingu mazito saa kumi tayari unaona taa zinawaka. Ukiamka taratibu, ukapika chai, ukawavalisha watoto, ukatoka saa saba mchana, umebakiza saa tatu. Mambo ya nje yafanywe asubuhi, ya ndani mchana. Wageni wengi hufanya kinyume wakisubiri "mvua ipungue". Jumapili maduka yamefungwa kwa sheria, hata ya vyakula, isipokuwa machache kama ya vituo vya mafuta na mikate ya asubuhi, kwa hiyo nunueni chakula Jumamosi. Na Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa. Makumbusho ya ngome ya Hohentübingen hufungwa Jumanne pia, hufunguliwa Jumatano hadi Jumapili, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Angalieni saa za kila mahali wiki hiyohiyo kabla ya kutoka, kwa sababu ratiba za majira ya baridi hubadilika.

Nianze na mahali ambapo mimi ningewapeleka siku ya kwanza ya blanketi, ingawa vitabu vya wageni hupataja kwa mstari mmoja tu. Ni mkusanyo wa visukuku wa chuo kikuu, mtaa wa Sigwartstraße. Hauna mgahawa wala skrini za kubofya. Ni kabati na mifupa, na hewa ya chuo cha zamani. Kiingilio hakuna, na kwa kawaida hufunguliwa siku za kazi, Jumatatu ikiwemo, ndiyo maana naupenda kwa kuziba lile pengo. Ndani kuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa kutoka sehemu mbalimbali za Ujerumani, lakini tafuteni mmoja usio mkubwa sana, urefu kama mita nne na nusu, mgongoni una mabamba ambayo kuelekea mkiani yanageuka miiba mirefu kama mikuki. Jina lake ni Kentrosaurus. Huyo ametoka Tendaguru, Lindi.

Simuliza hivi ukiwa umesimama mbele yake, maana kibao hakitakusaidia sana. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Wasomi wawili wa Kijerumani waliongoza mwanzoni, Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini jembe lilikuwa mikononi mwa mamia ya wachimbaji wenyeji, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutambua mfupa kwenye udongo kabla ya wasomi kuuona. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma na njaa ilikuwa imepiga kusini yote. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, tani zaidi ya 200. Hennig alimpa mnyama huyu jina la kisayansi mwaka 1915, kisha akawa profesa Tübingen. Ndiyo sababu mmoja wao yuko pale, karibu nusu ya mifupa yake ikiwa ni halisi na iliyobaki imetengenezwa kuziba mapengo. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Nimewapeleka pale watoto wengi wa Kitanzania, na kila mara kuna anayeuliza kwa nini hajarudi nyumbani. Usimkwepe. Ni swali zuri, linajadiliwa Tanzania na Ujerumani kwa sauti kubwa kuliko zamani, na mwalimu kama wewe unajua kulibeba. Mtoto wa miaka sita atataka tu kuhesabu miiba, na hiyo inachukua dakika kumi.

Kutoka hapo, siku hiyohiyo au nyingine, kuna nyumba za vioo za bustani ya mimea ya chuo kikuu, juu ya kilima cha Morgenstelle. Basi linawafikisha, mama hapandi ngazi, na hakuna kiingilio. Ndani ni joto, unyevu, na harufu ya shamba. Mama yako atasimama mbele ya mgomba uliowekewa kibao cha jina la Kilatini na atacheka sana. Watu wa kwetu hudharau mahali hapa, "nimetoka Moshi niende kutazama migomba?" Nawaelewa. Lakini siku ya nane ya baridi, magoti yakiwa yamekaza, saa moja ndani ya joto lile ni tiba, na sijamwona mzee aliyelaumu. Mkishuka mjini piteni duka lolote la maua muulize Usambaraveilchen. Ni kile kiua kidogo cha zambarau kwenye chungu, kilitoka milima ya Usambara enzi za Wajerumani, na hadi leo kiko kwenye madirisha ya mabibi wa Kijerumani nchi nzima kwa jina hilohilo la Usambara.

Ngome ya Hohentübingen ndiyo kila mtu atawaambia mwende, na wana haki. Humo ndani kuna vinyago vidogo vya pembe ya mamothi, tembo wa kale aliyekwisha kutoweka, vilivyochongwa yapata miaka 40,000 iliyopita, vikapatikana kwenye pango la Vogelherd mwaka 1931 na baadaye. Farasi wake ana urefu usiofika sentimita tano. Anakaa kiganjani, shingo imepinda, na ni miongoni mwa kazi za sanaa za kale kuliko zote za kuchonga zinazojulikana duniani. Mapango yenyewe yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017. Kuna pia chumba cha kaburi kutoka Giza, Misri, chenye kuta za michoro ambazo watoto huingia na kunong'ona bila kuambiwa.

Na chini, katika jiko la zamani la ngome, kuna maabara ambako mwaka 1869 kijana Friedrich Miescher alichukua usaha kwenye bendeji za wagonjwa, akatenganisha kitu ambacho hakikuwa kimewahi kuelezwa, akakiita nukleini. Leo tunakiita DNA, yaani vinasaba. Mwanao wa miaka 11 akisikia neno usaha, umempata.

Lakini njia ya kupanda ngomeni ni mwinuko mkali wa mawe, na mawe yaliyolowa yenye majani ya vuli juu yake yanateleza kama sabuni. Hapa ndipo narudi kwa mama. Usimpandishe kwa miguu siku ya mvua ati kwa sababu mmetoka mbali. Mna njia mbili. Ya kwanza, piteni ofisi ya wageni iliyo kwenye daraja la Neckar, mwelezeni hali yake, wawaelekeze njia ya mtu mwenye shida ya kutembea na gari linaweza kufika wapi. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, mgawanyike: wewe na watoto mpande, mdogo wako abaki chini na mama kwenye makumbusho ya mji yaliyo ndani ya Kornhaus, ghala la nafaka la karne ya 15. Hakuna kiingilio na pana pa kukaa. Wakimaliza waende kunywa kahawa. Saa tisa mchana Wajerumani hunywa kahawa na keki, ni ada yao kama chai ya saa kumi kwetu, na bibi mmoja na kijana mmoja wakikaa dirishani na kipande kimoja cha keki hakuna atakayewafukuza.

Mkimaliza ngome ninyi nanyi mje Kornhaus. Ghorofani kuna kazi za Lotte Reiniger, mama aliyekata picha za vivuli kwa mkasi na kuzifanya zitembee. Filamu yake ndefu ya 1926 ilichukua visa vya Alfu Lela Ulela, tena miaka zaidi ya kumi kabla Disney hajatoa filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni. Watoto wakirudi nyumbani wapeni karatasi nyeusi, mkasi na tochi. Jioni nzima imekwisha bila senti.

Siku ya vipindi, ile ya nusu saa jeupe, ndiyo ya vichochoro. Mji huu haukuharibiwa sana na mabomu ya vita vya pili, kwa hiyo nyumba za miti na udongo zimesimama zikiegemeana kama wazee barazani. Anzieni sokoni, mtazame ukumbi wa mji wa 1435 na saa yake ya nyota ya 1511. Mvua ikirudi, ingieni kanisa la Stiftskirche, hatua chache tu. Ni la Kilutheri, kwa hiyo kama ninyi ni Walutheri wa Kilimanjaro mtajihisi wageni nusu tu. Kwenye sehemu ya madhabahu wamelala watawala wa Württemberg, akiwemo Eberhard mwenye ndevu aliyeanzisha chuo kikuu mwaka 1477. Jumamosi jioni, isipokuwa baadhi ya wiki, huwa na muziki wa kwaya unaoitwa Motette. Unaingia bure, sahani ya sadaka inapita. Mama kama ni mtu wa kwaya, panga Jumamosi moja kwa ajili yake tu.

Mkitoka mteremke mtoni mpaka kwenye mnara wa manjano. Mshairi Friedrich Hölderlin aliletwa humo mwaka 1807, akili ikiwa imemchoka, akapokewa na familia ya fundi seremala Ernst Zimmer, akakaa nao miaka 36 mpaka kifo. Watu huja kwa ajili ya mashairi. Mimi huwaambia wageni wangu wamfikirie seremala.

Mashua zile ndefu za kusukuma kwa mti, ziacheni. Msimu wake hasa ni wa joto.

Kuna mambo ambayo utashauriwa na ambayo mimi sikushauri, angalau kwa kundi lenu. Monasteri ya Bebenhausen, kilomita chache kaskazini, ni nzuri mno na ina ukumbi wa kuzunguka wenye paa, lakini mawe yale Desemba ni jokofu. Nenda na watoto kama mnapenda, mama abaki. Makumbusho ya magari ya Boxenstop yana vitu vya kuchezea vya zamani ambavyo mdogo atavipenda, ila kuna kiingilio na hufunguliwa siku chache tu kwa wiki. Stuttgart ni saa moja kwa treni, na kuna tiketi ya siku ya jimbo ambayo hadi watu watano wanasafiri pamoja kwa treni za kawaida. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Kama watoto wanapenda magari, makumbusho ya Mercedes-Benz kule yanakula siku nzima ya blanketi, nayo hufungwa Jumatatu. Ingekuwa hela yangu, ningeitumia huko mara moja na siku nyingine zote kubaki Tübingen.

Bwawa la kuogelea la ndani pia ni wazo jema. Uhlandbad lipo tangu 1914, karibu na katikati ya mji. Bebeni nguo za kuogelea, mnaoga kwanza kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Na mkiona mlango umeandikwa Sauna, simama. Sauna za Ujerumani watu huingia uchi, wanaume na wanawake pamoja, na hakuna anayeona ajabu. Nimeshawahi kumwona mchungaji wetu mmoja akitoka mlango huo kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa nayo alipoingia.

Mwanzoni mwa Desemba huwa kuna tamasha la chokoleti, chocolART, vibanda vimejaa mji wa kale. Angalia tarehe za mwaka wenu, huenda mkabahatika. Liko nje, kwa hiyo nendeni mapema kabla ya giza na msongamano. Na ukinunua chokoleti ya moto, ukae uinywe kwenye kikombe cha kawaida: tangu Januari 2022 mji unatoza ushuru wa senti 50 kwa kikombe cha kutupa, na wauzaji wengi huuongeza kwenye bei.

Tuje kwenye nimonia. Mvua haizai nimonia, Mwalimu, wala mafua. Vyote viwili huletwa na vijidudu, vya virusi au bakteria, na majira ya baridi watu huambukizana zaidi kwa sababu wanajazana vyumba vilivyofungwa. Baridi yaweza kupunguza kinga ya mwili kiasi fulani, lakini mtoto aliyelowa kwa nusu saa kisha akabadilishwa nguo hana ugonjwa alioupata mawinguni. Shida halisi ni nguo zilizolowa zikibaki mwilini. Maji yanapokauka huondoka na joto la mwili, na pamba, hasa jinzi, hushika maji kama sifongo kwa saa nzima. Kwa hiyo usiwavalishe jinzi siku za mvua. Wavalishe tabaka: fulana nyembamba, sweta la sufu au la nyuzi za viwandani, kisha koti lisilopitisha maji. Wajerumani huwavalisha watoto suruali ya mvua ya plastiki yenye mikanda ya mabegani, nanyi mtafutieni mdogo moja ya mtumba, zipo kwa bei nafuu, mdogo wako aulize kwenye maduka ya mitumba ya makanisa. Viatu ndivyo nisivyokubali mchezo. Soli ya mpira yenye meno kwa kila mmoja, na ya mama iwe ya kwanza kununuliwa. Soksi za akiba ziwe kwenye mkoba kila siku.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nami nisingelala bila kulisema. Mtoto akipata homa siku yoyote ya safari, au hata wiki kadhaa baada ya kutoka Tanzania, kila mtu atasema "alinyeshewa jana". Na daktari wa Kijerumani, akiwa Desemba anaona mafua kutwa, anaweza kufikiri hivyohivyo. Mmetoka nchi yenye malaria. Homa ipimwe siku hiyohiyo, msisubiri kesho. Mwambieni daktari kabla hajauliza: Wir kommen aus Tansania, bitte testen Sie auf Malaria. Yaani tumetoka Tanzania, tafadhali pima malaria. Mna bahati ya mji: chuo kikuu cha Tübingen kina taasisi ya magonjwa ya tropiki, na ipo pia hospitali yenye historia ndefu ya kuwatibu waliotoka nchi zetu. Usiku au mwisho wa wiki, kwa jambo lisilo la kufa na kupona, namba ya daktari wa zamu ni 116117. Mtoto akipumua kwa haraka sana, mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunywa au akilegea, pigeni 112 palepale. Hiyo namba ni bure. Bima ya safari mtakuwa nayo kwa sababu viza haitoki bila bima ya angalau euro 30,000, lakini uwe na karatasi yake mkobani, isibaki kwenye barua pepe. Na kabla ya safari mama amwone daktari wake huko Moshi kuhusu magoti, aeleze kuna baridi na mawe yanayoteleza, apewe dawa za kutosha siku zote pamoja na cheti.

Jambo moja dogo kabla ya mwavuli. Tübingen na Moshi ni miji rafiki rasmi tangu 2014. Kuna wenyeji pale waliokwisha kufika kwenu, wanaojua hospitali ya KCMC iko wapi na wanaosema "mambo" kwa lafudhi ya kuchekesha. Mdogo wako aulize manispaa kama kuna mkutano au jioni ya ushirikiano huo mkiwa pale. Na mkipita kitongoji cha Derendingen, upande wa kusini wa mji, hapo ndipo alipozaliwa Ludwig Krapf mwaka 1810, yule mmisionari aliyefika Mombasa 1844 na kuandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882. Hakuna cha kuona sana. Basi linapita, mnatazama dirishani, mnamwambia mwanafunzi wa miaka 11 kwamba mtu aliyekusanya maneno ya bibi zake alikulia kwenye manyunyu haya.

Mwavuli: usibebe kutoka huku, utavunjika begini. Nunueni mmoja kule, mkubwa, wenye fimbo ndefu na mpini wa kupinda, na awe nao mama. Ukikunjwa unamfaa kama bakora kwenye mawe. Ninyi wengine mna kofia za makoti.